Shamba la ndani chini ya jengo la kale: mwongozo kamili wa kudhibiti joto, unyevu na hewa

Shamba lililo chini ya jengo la kale huharibiwa na maji kabla halijaharibiwa na joto. Nasema maji ya hewani, ule mvuke unaotoka kwenye majani kutwa nzima ukitafuta mahali pa kutua. Mboga za majani hunywa sana lakini hubaki na kidogo mno. Zaidi ya asilimia 90 ya maji zinayovuta kwa mizizi huyarudisha hewani. Ukijaza lita 30 kwenye tanki leo, karibu zote zitakuwa zimegeuka mvuke kesho. Zikikosa mashine ya kuzikamata zitaishia kwenye ukuta wa mawe, kwenye boriti za mbao, na kwenye lipu ya chokaa iliyoanza kazi kabla ya babu zetu kuzaliwa.

Ndiyo maana mwongozo huu unayafuata maji, lita kwa lita, tangu yanapoingia hadi yanapotoka. Joto, upepo na hewa safi vitakuja, ila vyote vitapangwa kuyazunguka hayo maji. Mfano nitakaoutumia ni shamba dogo la haidroponiki, yaani kilimo cha kwenye maji bila udongo, lenye mita za mraba 20 za rafu, linalootesha saladi. Ukubwa wa shamba lako ukiwa tofauti, hesabu ni zilezile.

Ubaridi wa chini ya ardhi usikudanganye

Mtu akishuka kwenye chumba cha chini na kuhisi ubaridi, hudhani kazi nusu imeshafanyika. Ubaridi huo ni hali nzuri kwa uyoga. Katika karne ya 19 wakulima wa Paris waliotesha uyoga kwenye machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa, na mahali pale paliwafaa kwa sababu uyoga hauhitaji taa, unapenda hewa yenye unyevu mwingi, na hautoi joto kama la taa. Saladi ni habari nyingine. Inataka mwanga wa saa 16, na mwanga huo ni umeme, na umeme wote unaoingia chumbani kwa waya huishia kuwa joto. Halafu ukuta baridi, ambao ulidhani ni msaada, ndio unaougeuza mvuke kuwa maji.

Hatua ya 1: Lisome jengo kabla hujanunua chochote

Anza na ruhusa. Jengo likiwa limeorodheshwa kama urithi, hata tundu la kupitishia bomba linaweza kuhitaji kibali cha maandishi, na anayetoa kibali atataka kujua jambo moja kuliko yote: je, ulichokiweka kinaweza kuondolewa siku moja bila kuacha jeraha? Panga kila kitu kwa swali hilo. Ukilazimika kupigilia skrubu, ipigilie kwenye chokaa iliyo kati ya mawe, kamwe si kwenye jiwe lenyewe. Chokaa huzibwa tena, jiwe halizibiki. Tafuta matundu yaliyopo tayari: dohani isiyotumika, kidirisha cha juu, mlango wa zamani wa kushushia makaa ya mawe. Majengo haya yana njia nyingi za hewa ambazo watu walizisahau.

Kisha pima ukuta. Chukua kipimajoto cha kulenga kwa mwanga na upite kila kona, ukiandika nyuzi za uso wa ukuta chini karibu na sakafu, katikati, na juu. Kona mbili zinazotazama nje kwa kawaida ndizo baridi zaidi. Ukiweza, pima msimu wa baridi na msimu wa joto, kwa kuwa ukuta mnene huchelewa kufuata majira, na mara nyingi huwa baridi kuliko hewa wakati ule ule hewa ya nje inapokuwa na mvuke mwingi.

Kuna jaribio rahisi ninalolipenda sana. Kata kipande cha plastiki angavu cha ukubwa wa karatasi ya kuandikia, kibandike ukutani kwa utepe pande zote nne pasibaki upenyo, kiache siku mbili. Matone yakijikusanya upande wa ndani, kati ya plastiki na ukuta, maji yanatoka ukutani kwenyewe. Yakiwa upande wa nje, yanatoka kwenye hewa ya chumba. Yakiwa pande zote, una matatizo mawili, na la ukuta ndilo la kushughulikia kwanza: mifereji ya mvua iliyoziba, bomba linalovuja, udongo wa nje uliojazwa juu kupita kiwango chake cha zamani.

Tazama pia unga mweupe unaochanua juu ya mawe au matofali. Hizo ni chumvi. Unyevu ukipanda zinayeyuka, ukishuka zinajiunda upya kuwa fuwele, na fuwele zinapokua ndani ya vitundu vya jiwe hulivunja kutoka ndani. Chumvi ya kawaida hunyonya maji ya hewani unyevu unapofika takriban asilimia 75. Mchanganyiko wa chumvi mbalimbali huanza chini ya hapo. Ukuta wenye chumvi haudhuriwi sana na unyevu uliotulia kama unavyodhuriwa na unyevu unaopanda na kushuka kila siku, na kupanda na kushuka kila siku ndiko hasa kunakofanywa na taa za shamba zikiwashwa na kuzimwa.

Mbao zipimwe kwa kipimo cha unyevu cha pini. Zikizidi asilimia 20, kuvu wa kuozesha anaweza kuishi humo. Mwisho, weka kipimo cha gesi ya radoni kwa wiki kadhaa. Gesi hii yenye mionzi hutoka ardhini, haina harufu wala rangi, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi bekereli (kipimo cha mionzi) 100 kwa mita ya ujazo, au pale isipowezekana, isivuke 300. Utakuwa unafanya kazi humo saa nyingi, usiliruke hili.

Na tafadhali usipake ukuta wa chokaa rangi ya plastiki, epoksi au lipu ya saruji ukidhani unaukinga. Ukuta huo hupumua. Ukiuziba uso, maji yaliyo ndani hayatoweki. Hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, hadi kwenye orofa ya juu.

Hatua ya 2: Jenga chumba ndani ya chumba

Hili ndilo shauri langu kuu, na kama utachukua jambo moja tu katika maelezo haya, chukua hili. Usiifanye besimenti yenyewe kuwa shamba. Jenga kibanda kinachosimama chenyewe ndani yake, kilichofungwa, na uache pengo kati ya kibanda na ukuta wa kale.

Sababu ni ya hesabu. Saladi hustawi kwenye hewa ya nyuzi 22 yenye unyevu wa asilimia 65. Hewa hiyo ina nukta ya umande ya nyuzi 15, yaani kitu chochote chenye ubaridi wa nyuzi 15 au chini yake kitalowa kikiguswa nayo. Ukuta wa nyuzi 13 utatiririka maji. Lakini hata ukuta wa nyuzi 16, ambao hautoi tone, utakuwa na unyevu wa karibu asilimia 94 kwenye uso wake, na ukungu huota pale uso unapokaa juu ya asilimia 80 kwa muda. Ili ukuta huo uwe salama ungelazimika kushusha unyevu wa shamba lote hadi asilimia 55, na kulipia umeme wa kufanya hivyo kila siku ya maisha ya shamba. Kibanda ni nafuu.

Kibanda kizuri ni fremu ya alumini iliyozungushiwa paneli zenye kihami joto ndani, zile zinazotumika kwenye vyumba vya baridi. Bajeti ikibana, fremu na tabaka mbili za plastiki nzito zitafanya kazi, mradi viungo vyote vimefungwa kwa utepe na silikoni. Dari ya kibanda ni muhimu kuliko kuta zake, kwa kuwa hewa yenye joto na mvuke hupanda, na juu yake ndiko ziliko boriti. Miguu ya fremu ikalie mabamba mapana yenye mpira chini, ili uzito usambae na sakafu ya zamani isichubuke. Kumbuka kila lita ya maji ni kilo moja; tanki la lita 300 na rafu zilizojaa vikikaa juu ya sakafu yenye uwazi chini yake, mhandisi aangalie kwanza.

Pengo liwe na upana wa kumruhusu mtu kupita akiwa na tochi, sentimita 60 hivi. Watu hutamani kulipunguza ili wapate rafu moja zaidi. Wasifanye hivyo. Pengo lisilopitika halikaguliwi, na lisilokaguliwa litaota ukungu kimya kimya miezi mingi. Ndani ya pengo lenga unyevu wa asilimia 60 au chini kidogo. Hewa ya pengo ikiwa nyuzi 17 kwa asilimia 60, ukuta wa nyuzi 14 utakuwa na asilimia 73 tu usoni, chini ya mpaka wa ukungu.

Ila usikaushe pengo kwa pupa. Ukuta uliokaa na unyevu miaka mingi ukikaushwa ndani ya siku chache, chumvi zote hukimbilia usoni kwa mkupuo na lipu hubambuka. Shusha taratibu, pointi mbili tatu kwa wiki, huku ukitazama ule unga mweupe. Ukiongezeka ghafla, simama hapo ulipo.

Hatua ya 3: Amua hali ya hewa ya ndani

Watu wengi huangalia asilimia ya unyevu peke yake, lakini mmea hausikii asilimia. Unachosikia ni nguvu ya hewa kuuvuta mvuke kutoka kwenye jani, ambayo wakulima wa ndani huipima kama pengo la mvuke: tofauti kati ya mvuke ambao hewa ingeweza kubeba na ule ambao tayari inabeba, kwa kipimo cha kilopaskali. Kwa mboga za majani lenga kati ya 0.8 na 1.1. Nyuzi 22 kwa asilimia 65 inakupa 0.92, mahali pazuri sana. Likishuka chini ya 0.4, majani hayatoi mvuke vya kutosha, madini hayapandi, na magonjwa ya majani kama ubwiri vinyoya na ukungu wa kijivu hupata nafasi. Likizidi 1.5, mizizi inashindwa kufuata kasi na kingo za majani zinakauka.

Maji ya mizizi nayo yana nyuzi zake: 18 hadi 22. Tanki lililowekwa moja kwa moja juu ya sakafu ya mawe hupoa kuliko unavyodhani, kwa hiyo liweke juu ya ubao wa kihami. Yakivuka nyuzi 25, oksijeni hupungua majini na ugonjwa wa kuoza mizizi hubisha hodi.

Hatua ya 4: Hesabu mzigo, kisha ndiyo uende dukani

Anza na taa. Mwanga wa mikromoli 200 kwa mita ya mraba kwa sekunde (mikromoli ni kipimo cha mwanga unaotumiwa na mmea) unatosha saladi ikipewa saa 16. Taa nzuri za LED zinatoa kama mikromoli 2.5 kwa kila jouli, kwa hiyo unahitaji wati 80 kwa kila mita ya mraba. Kwa mita 20 hizo ni wati 1,600.

Sasa maji. Kwa mwanga huo kadiria lita 1.5 kwa mita ya mraba kwa siku mimea ikiwa imefunika rafu yote: lita 30. Nyingi kati yake, tuseme lita 26, hutoka zile saa 16 za mwanga, yaani lita 1.6 kwa saa. Mashine yako ya kukausha hewa lazima iweze kasi hiyo, ambayo ni sawa na lita 38 au 40 kwa siku nzima.

Hapa kuna mtego ambao umewapotezea wengi fedha. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la mashine mara nyingi imepimwa kwenye hewa ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, karibu sawa na bafuni baada ya mtu kuoga maji moto. Kwenye nyuzi 22 na asilimia 65 mashine hiyohiyo hutoa nusu, pengine pungufu. Omba jedwali la utendaji la mtengenezaji na usome mstari unaofanana na hali yako. Ukilikosa, zidisha mahitaji yako mara mbili: kwa mfano wetu, mashine ya lita 80 kwa namba ya boksi.

Mashine hiyo nayo inatoa joto. Kila lita ya mvuke inayogeuzwa kuwa maji hurudisha chumbani kilowati-saa 0.68 ambazo mmea ulizitumia kuivukiza, na juu yake umeme wa kompresa yenyewe. Kwa bahati nzuri hesabu yake si ngumu: mvuke wote ukikamatwa humo humo, joto la kuondoa ni sawa na umeme wote ulioingia. Taa wati 1,600, feni na pampu 200, mashine ya kukausha 800: jumla 2,600, sawa na BTU 8,900 kwa saa, BTU ikiwa kipimo cha joto kinachoandikwa kwenye viyoyozi. Kiyoyozi cha BTU 9,000 kingekuwa ukingoni kabisa.

Lakini ngoja kidogo kabla hujanunua kikubwa zaidi, kwa sababu ipo njia ya kupunguza mzigo bila kupunguza mmea hata mmoja. Gawa rafu mafungu matatu, na uzipe taa zamu zinazopishana kwa saa nane. Kila fungu linapata saa zake 16 za mwanga, na wakati wowote mafungu mawili yamewaka na moja limelala. Mzigo wa taa unashuka hadi wati 1,070 na kubaki hapo usiku na mchana. Mvuke unakuwa lita 1.25 kwa saa bila kupanda wala kushuka. Na jumla ya joto inatua kwenye wati 1,900, takriban BTU 6,500. Kiyoyozi cha 9,000 sasa kina nafasi ya kupumua. Tundika pazia jeusi kati ya mafungu ili yaliyolala yapate giza.

Faida kubwa zaidi ni ya jengo. Shamba linalozima taa zote kwa pamoja hupata pigo la usiku: hewa ya nyuzi 22 na asilimia 65 ikipoa hadi nyuzi 18 inakuwa na asilimia 83 bila tone moja kuongezeka, kiyoyozi kimezima kwa sababu hakuna joto, na ukungu unaota saa zile ambazo hakuna mtu. Kwa zamu tatu hakuna usiku wa pamoja. Hali ya hewa inatulia, na utulivu ndio ukuta wa kale unaouomba. Sijui kwa nini watu wengi huanza shamba bila kufikiria hili, maana linahitaji taima tatu tu.

Hatua ya 5: Chagua na uweke mashine

Kiyoyozi kiwe cha inveta, kinachoweza kupunguza kasi yake badala ya kuzima na kuwaka. Kikubwa kupita kiasi hupoza chumba dakika chache na kuzima kabla hakijakusanya maji yoyote, na unabaki na hewa baridi yenye unyevu, hali mbaya kuliko zote. Maji ambayo kiyoyozi kitayakamata yahesabu kama nyongeza, usiyategemee.

Mashine za kukausha hewa za kompresa hufanya kazi vizuri juu ya nyuzi 15 au 16. Chini ya hapo koili hushika barafu. Kwa hiyo ile ya shambani iwe ya kompresa, lakini ndogo ya kwenye pengo, hasa penye majira ya baridi kali, iwe ya aina inayotumia kemikali ya kunyonya unyevu. Hiyo haijali ubaridi.

Kitengo cha nje cha kiyoyozi kina siasa zake kwenye jengo la urithi, kwani hakitaruhusiwa upande wa mbele. Ua wa nyuma, paa lisiloonekana, au shimo la mwanga la zamani hufaa, mradi hewa moto ipate pa kutokea. Penye majira ya baridi, ongea na mwenye jengo kuhusu kulipeleka joto hilo orofa za juu kupitia mabomba ya maji. Ni joto la bure la mwaka mzima, na mwenye jengo anayefaidika nalo hukupa kibali kwa moyo mweupe.

Mabomba ya maji ya mashine ndiyo yanayosahaulika. Ukiwa chini ya ardhi maji hayatelemki kwenda mferejini yenyewe, unahitaji pampu ndogo yenye boya la kuiwasha. Weka boya la pili, juu zaidi, linalozima mashine na kupiga kengele pampu ikifa. Lita 30 sakafuni kila siku ni mafuriko ya polepole. Maji yaliyokusanywa yana madini machache na yanaweza kurudi kwenye tanki la mimea, lakini yapitishe kwanza kwenye chujio na taa ya urujuanimno, kwa sababu koili hubeba bakteria na chembe za shaba na alumini.

Umeme wote uwe na swichi inayojikata umeme ukivuja, na vifaa vyote vya shambani viwe vya aina isiyopenyeza maji.

Hatua ya 6: Hewa safi, na njia inayopitia

Wengi hufungua dirisha besimenti ikinuka unyevu. Msimu wa joto hilo ni kosa. Hewa ya nje ya nyuzi 28 na asilimia 70 ina gramu 19 za maji kwa kila mita ya ujazo, wakati hewa ya ndani ya nyuzi 20 na asilimia 70 ina 12 tu. Asilimia ni ileile, lakini kwa kufungua dirisha umeingiza maji. Msimu wa baridi mambo hugeuka: nyuzi 5 kwa asilimia 90, hewa ambayo ungeiita chepechepe, ina gramu 6 tu na itakausha chumba. Linganisha gramu, au nukta ya umande, na uruhusu feni ya hewa safi iwake pale tu nje pana maji machache kuliko ndani.

Mimea inahitaji hewa ukaa (kaboni dayoksaidi). Nje ipo takriban sehemu 420 kwa milioni. Kibanda kilichofungwa chenye mimea iliyokomaa kinaweza kushuka chini ya 300 taa zikiwaka, na ukuaji hupungua waziwazi. Hapa feni itabidi iwake kidogo hata nje pakiwa na unyevu, na mashine ya kwenye pengo italipa gharama hiyo. Mitungi ya kuongeza hewa ukaa hadi 800 au 1,000 ipo, na mimea huipenda, lakini chini ya ardhi siishauri. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, na kikomo cha kazi cha saa nane ni 5,000. Ukiamua kuitumia, weka kengele ya gesi kwenye kimo cha magoti, na nyingine mlangoni inayosomeka kabla mtu hajaingia.

Mpangilio wa hewa uwe huu: kutoka nje inaingia kwenye pengo kupitia chujio, kutoka kwenye pengo inavutwa ndani ya kibanda, kutoka kwenye kibanda inatupwa nje moja kwa moja kwa dohani au kidirisha. Hivyo kibanda kinakuwa na mgandamizo mdogo kuliko pengo, na mvuke hauna njia ya kutorokea ukutani. Lakini isivutwe hewa nyingi kutoka kwenye pengo kuliko ile inayoingia humo kutoka nje. Likiwa na mgandamizo mdogo kuliko ardhi, radoni na harufu ya udongo zitaingia kwenye kila ufa. Mlango wa ngazi uzibwe vizuri ili hewa isipande juu ya nyumba. Kuhakiki, washa kijiti cha udi na ukisogeze kwenye viungo vya mlango wa kibanda: moshi unapaswa kuvutwa ndani, polepole. Ukisukumwa nje, punguza hewa inayoingia au ongeza inayotoka.

Hatua ya 7: Upepo juu ya majani

Mwendo wa mita 0.3 hadi 0.5 kwa sekunde unatosha, kiasi cha majani kutikisika kidogo bila kupepea. Kwa saladi upulizie kutoka juu kushuka chini katikati ya kichwa. Majani machanga ya ndani yamejifunika, hayatoi mvuke, kalisi (madini ya kalsiamu) haiyafikii, na ncha zake huungua rangi ya kahawia hata kama tanki limejaa kalisi. Feni ndogo nyingi ni bora kuliko kubwa moja, na kati ya rafu za juu na za chini kusiwe na tofauti inayozidi nyuzi mbili.

Hatua ya 8: Vihisi, na nani anatoa amri

Kwenye mahandaki ya Clapham, London, yaliyochimbwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mita 33 hivi chini ya ardhi na baadaye kufanywa shamba la mboga, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walisambaza vihisi kufuatilia hewa ya shamba. Wewe huhitaji vingi hivyo. Viwili kwenye kimo cha majani, kimoja kwenye pengo, kimoja kilichobandikwa kwenye kona baridi kuliko zote uliyoipata hatua ya kwanza, kimoja nje, na kimoja kwenye boriti za juu. Cha shambani kifunike kisimulikwe na taa, la sivyo kitasoma joto la taa.

Vihisi vya unyevu hupotoka kadiri miezi inavyopita. Vipime hivi: chukua mtungi wenye kifuniko, weka vijiko vichache vya chumvi ya mezani, dondoshea maji hadi iwe kama uji mzito, chumvi ikiwa bado inaonekana haijayeyuka yote. Ning'iniza kihisi juu yake bila kugusa, funga, acha saa 24 mahali penye joto lisilobadilika. Kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 79, andika juu yake kwa kalamu: punguza 4.

Kiyoyozi na mashine ya kukausha visiachwe kila kimoja na akili yake, maana vitapigana: kimoja kinapoza, kingine kinapasha, mita ya umeme inakimbia. Viunganishe kwenye kidhibiti kimoja. Acha nafasi kati ya kuwasha na kuzima: nyuzi moja juu na chini kwa joto, asilimia tatu kwa unyevu. Pambano likitokea, unyevu upewe kipaumbele. Saladi itavumilia nyuzi 24 kwa siku moja, ukuta hautavumilia asilimia 90 kwa wiki.

Hatua ya 9: Washa pole pole, na ufungue daftari la maji

Wiki mbili za kwanza usipande kitu. Washa taa kwa zamu zake, tandaza taulo zilizolowa kwenye rafu na uzimwagilie lita 30 kwa siku, kisha tazama kama mashine zinamudu. Zima umeme wote kwa saa mbili uone hewa inakwenda wapi na ukuta unafanya nini. Makosa yote yajitokeze kwenye taulo. Ndipo upande fungu la kwanza, na la pili baada ya wiki mbili tatu.

Tangu siku ya kwanza andika namba tatu kila asubuhi: lita ulizoongeza kwenye tanki, lita zilizotoka kwenye bomba la kiyoyozi na mashine ya kukausha, na uzito wa mavuno, ambao karibu wote ni maji. Feni inayotupa hewa nje nayo hubeba mvuke wake. Kidhibiti kikikuonyesha feni iliwaka muda gani, na kihisi kikikupa gramu za ndani na za nje, utajua ni lita ngapi.

Jumla zilingane kwa juma, zikipishana kidogo. Ukiongeza lita 210 kwa wiki na ukazipata 195 kwa njia hizo, hamna shida. Ukizipata 150, lita 60 zimekwenda mahali, na ndani ya besimenti mahali ni pachache. Kagua kwanza bomba la kurudisha maji tankini kwa uvujaji. Kisha rudia jaribio la udi kwenye viungo vyote vya kibanda, ukianza na dari. Kisha ingia kwenye pengo na tochi, uimulike kona ile baridi kwa upande, mwanga ukiteleza juu ya jiwe, ili ule unga mweupe na manyoya ya ukungu yatoe kivuli. Hadi utakapozipata lita hizo, usipande fungu jipya.